Tunasema "muguu", kumbe ni mfupa wa paja

Kiangazi kilichopita, mtoto wa baba yangu mdogo alianguka na pikipiki kwenye barabara inayotoka Kabambare kwenda Kasongo. Alikuwa amebeba abiria mmoja na magunia mawili ya mpunga. Abiria alichubuka tu. Yeye alilaliwa na chombo pamoja na mzigo, akashindwa kuinuka. Watu walimbeba kwa machela ya miti hadi kituo kidogo cha afya. Muuguzi alimtazama, akamfunga kitambaa, akaandika karatasi ya kumpeleka hospitali, kisha akaitwa haraka kwa mama aliyekuwa anajifungua. Katikati ya karatasi ile kulikuwa na maneno matatu ya Kifaransa: "fracture du fémur".

Baba mdogo hasomi Kifaransa. Alinipa mimi karatasi, kwa sababu mimi ndiye msomi wa familia, tena msomi wa lugha. Akauliza, "Mwana, karatasi inasema nini?" Nikamjibu, "Baba, inasema muguu umevunjika."

Sikusema uongo. Lakini kwa neno lile wazee walikaa, wakashauriana, wakakumbuka kwamba mwaka uliotangulia binti wa jirani naye alivunjika "muguu", yaani kifundo, akaungwa vizuri na fundi wa mifupa wa kijiji cha pili bila gharama ya safari. Kama ni muguu, basi fundi yupo. Kijana akalala kwa fundi siku mbili. Paja likavimba, akaanza kupauka na kuongea maneno yasiyo na mpango. Siku ya tatu ndipo alipofikishwa hospitali Kasongo. Aliishi, Mungu ashukuriwe. Leo mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mwingine, na pikipiki ameiuza.

Naandika makala haya kwa sababu kosa lile lilikuwa langu, na lilikuwa kosa la tafsiri. Kwa maoni yangu ni kosa ambalo kitivo chetu kinalitengeneza kila mwaka bila kujua: kinatoa wanafunzi wanaoweza kuchambua toni za kitenzi, lakini hawawezi kumweleza mzazi wao ni mfupa gani umevunjika.

Kwa nini nilisema "muguu"

Nimejiuliza sana. Nimepata sababu tatu, na zote ni za kiisimu.

Ya kwanza ni upana wa maana. Katika Kiswahili, cha pwani na chetu cha Maniema, "mguu" huanzia nyongani na kuishia kwenye vidole. Kifaransa hutenga "jambe" na "pied", sisi hatulazimiki. Ndivyo ilivyo pia kwa "mkono", unaoanzia begani hadi kuchani. Hili si upungufu wa Kiswahili. Cecil Brown alilinganisha lugha 617 duniani akakuta zaidi ya theluthi moja zina neno moja kwa mkono wote pamoja na kiganja chake. Neno pana lina faida zake. Mtu akisema "mguu unaniuma" hana haja ya kupima kwa rula. Hasara inakuja pale jibu la swali "wapi?" linapoamua maisha ya mtu, na msemaji ameishia kwenye neno la jumla.

Ya pili ni adabu. Neno "paja" lipo, kila mtu analijua, lakini si neno la kusema popote. Mbele ya baba mdogo, mbele ya mama mkwe wa kijana yule aliyekuwa amekaa pale na kitenge kichwani, kutamka "paja la mume wa binti yako" kulinishinda. Sehemu kubwa ya watu wa Kasongo ni Waislamu, na kwa mafunzo yao walio wengi mwili wa mwanamume kati ya kitovu na magoti ni wa kusitiriwa. Wakristo nao wanasoma katika Mwanzo 24 mtumishi wa Ibrahimu akiapa kwa kuweka mkono chini ya paja la bwana wake, na wafafanuzi wengi wanaona hapo kuna tasfida ya sehemu za siri. Paja liko jirani na mambo yasiyosemwa, kwa hiyo ulimi unaruka na kwenda kwenye "muguu".

Ya tatu ni shule. Tangu darasa la sayansi, mfupa huu nimeujua kwa jina moja tu, "fémur". Nilijifunza kuuchora, kuupaka rangi, kuandika sehemu zake kwa mshale. Hakuna siku mwalimu alisema, "huu ndio mfupa ulio ndani ya paja lako". Kwa hiyo kichwani mwangu "fémur" ilikuwa picha ya ukutani, na paja lilikuwa nyama. Ndiyo maana niliposoma karatasi ile sikuona mfupa. Niliona neno la Kifaransa linalohitaji neno la Kiswahili, nikachukua lililokuwa karibu.

Mfupa wenyewe

Tuutazame basi, maana hatuwezi kujadili jina bila kitu. Ni mfupa mrefu kuliko yote mwilini, karibu robo ya kimo cha mtu. Mtu wa mita 1.70 ana mfupa wa paja wa sentimita 45 hivi. Juu una kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye kikombe cha nyonga. Chini ya kichwa kuna shingo, ambayo haijasimama wima bali inakata kona ya nyuzi kama 125 hadi 130 na mwili wa mfupa. Penye kona hiyo kuna vinundu viwili, kikubwa na kidogo, wanavyoviita trokanta, ambavyo misuli inashika. Mwili wa mfupa ni kama bomba, umepinda kidogo kuelekea mbele, na nyuma una ukingo mkavu wa kushikilia misuli. Mwisho wa chini unapanuka na kuwa vichwa viwili vya goti.

Misuli ya paja ndiyo yenye nguvu kuliko mingi. Mfupa ukikatika katikati, misuli hiyo haisubiri, inavuta vipande vipishane, na mguu unafupika papo hapo. Vipande vyenye ncha vinachana nyama na mishipa. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Mvunjiko wa mwili wa mfupa huu peke yake unaweza kummwagia lita 1 hadi 1.5 ndani ya paja, bila tone kuonekana nje. Kifundo cha mguu hakifanyi hivyo. Hii ndiyo tofauti ambayo neno "muguu" liliimeza. Binti wa jirani na ndugu yangu waliwekwa katika kundi moja na kamusi ya mdomo wangu, ingawa mmoja alikuwa na jeraha la kusubiri na mwingine alikuwa na jeraha la kukimbizwa.

"Fémur" si elimu zaidi ya "paja"

Kuna dhana miongoni mwetu kwamba istilahi ya Kifaransa ina usahihi ambao lugha zetu hazina. Wenye dhana hii waulizwe "femur" ilikuwa na maana gani kwa Warumi. Ilikuwa paja, si mfupa. Mrumi aliyesema "femur" alimaanisha kile kile anachomaanisha mama sokoni Kasongo akisema "paja". Wanaanatomia walipotaka kutaja mfupa waliandika "os femoris", yaani mfupa wa paja, na baadaye wakafupisha. Kichwa chake ni "caput", kichwa. Shingo yake ni "collum", shingo. Mwili wake ni "corpus", mwili. Hakuna siri humo. Usahihi ulipatikana kwa watu kukubaliana kwamba neno la kawaida litumike kwa mpaka maalumu, wakaliandika, wakalifundisha.

Tukishuka chini ya goti ni hivyo hivyo. "Tibia" ilikuwa filimbi. "Fibula" ilikuwa pini ya kufungia nguo. "Patella" ilikuwa sahani ndogo, na Wafaransa wakaiona kama gurudumu dogo, wakaiita "rotule". Waswahili walipotazama mfupa huo huo waliona pia, kile kitu cha kuchezea watoto kinachozungushwa chini, wakasema "pia ya goti". Sahani, gurudumu, pia: wote watatu walifanya kazi moja ya kutazama umbo na kuazima jina la kitu cha nyumbani. Sijui ni kwa kanuni gani ya sayansi sahani ya Mrumi inakuwa istilahi na pia ya Mswahili inakuwa lugha ya kijijini.

Wala mwelekeo wa kuazima si wa upande mmoja. Ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri unaitwa "konzo" katika vitabu vya tiba duniani kote. Neno hilo ni la Kiyaka, la magharibi mwa nchi yetu, na maana yake inahusu miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliliandika mwaka 1938 kwa sababu wagonjwa walikuwa tayari wamelitaja tatizo vizuri kuliko yeye. "Chikungunya" ni neno la Kimakonde, lililochukuliwa kusini mwa Tanganyika katika mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953, likimtaja mtu anavyojikunja kwa maumivu. Mwanafunzi wa Paris au Tokyo anajifunza maneno hayo kwa mtihani. Sisi tunaona haya kuandika "mfupa wa paja" kwenye karatasi ya mgonjwa anayejua Kiswahili peke yake.

Maneno tayari yapo, lakini ya nani?

Mtu atasema: kazi hii imekwisha kufanywa. Ni kweli kwa sehemu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia TUKI, kilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kiswahili sanifu kina paja, nyonga, kinena, goti, ugoko, kifundo, kisigino. Kina "fupa la paja", na tuone uzuri wake: "mfupa" umeondolewa kiambishi cha ngeli yake na kupelekwa kwenye ngeli ya ukubwa, ukawa "fupa", kwa sababu ndio mkubwa kuliko yote. Sarufi yenyewe imetoa maelezo ya anatomia.

Lakini Kiswahili sanifu kiliwekwa msingi wake kwenye Kiunguja katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kamati ya kukisimamia ikaundwa mwaka 1930, katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza. Congo haikuwemo. Kiswahili chetu kilifika kwa njia nyingine na mapema zaidi, na misafara ya Wangwana. Kasongo ilikuwa makao makuu ya Tippu Tip kabla ya jeshi la Dhanis kuiteka mwaka 1893. Tangu hapo kimekaa jirani na Kizimba, Kibangubangu, Kikusu na lugha nyingine, kikachukua sauti na sarufi zake. Wengi wetu tunasema "mufupa" na "muguu", na upatanisho wa ngeli tumeurahisisha. Ukimpa muuguzi wa Kabambare orodha iliyochapishwa Dar es Salaam, atakutana na "ugoko" na kusimama. Mgonjwa wake atasimama naye. Tutakuwa tumebadilisha neno moja la kigeni kwa jingine, ila la pili linafanana na letu.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wa darasa wanaosema tuagize Kiswahili sanifu kizima kizima, kama vile sikubaliani na wanaosema tubaki na Kifaransa. Neno la tiba linafaa kama mgonjwa, ndugu yake na muuguzi, wakiambiwa waliguse, wote wataweka kidole mahali pamoja. Hicho ndicho kipimo, na kinapimwa Kasongo na Kabambare, si maktabani.

Katika kazi hiyo isimu linganishi inatusaidia kuliko tunavyodhani. Chukueni "mfupa": Kiluba cha Kasai kina "mufuba", Lingala ina "mokuwa", Kinyarwanda kina "igufa". Wote ni watoto wa mzizi mmoja wa Kibantu cha kale. Kwa paja mambo ni tofauti. Kiluba cha Kasai kinasema "cibelu", Lingala "ebelo", Kinyarwanda "ikibero", hata Kikuyu cha Kenya "kĩero", na Kiswahili kimejitenga na "paja" lake. Maana yake ni kwamba mgonjwa mwenye lugha ya mama yenye mzizi ule wa kale anaweza kuuelewa haraka kuliko "paja", na zaidi, neno la lugha ya mama mara nyingine halina haya ile ile. Kwa hiyo orodha isiyo na safu ya Kizimba na safu ya Kibangubangu itakuwa nusu. Meeussen alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kibangubangu mwaka 1954, kwa Kiholanzi. Ni kazi ya heshima, lakini ni wangapi Kabambare wanaoweza kuisoma?

"Tatizo si neno, ni barabara"

Mwalimu mmoja niliyemweleza habari hii alinijibu hivyo, na jibu lake lina haki. Barabara zetu ni mbovu, dawa ni chache, na hospitali inadai pesa ambazo familia haina. Neno halimbebi mgonjwa. Hata ningesema "mfupa wa paja" kwa ufasaha wote, huenda tungefika Kasongo tumechelewa.

Lakini familia yetu haikushindwa na barabara. Siku ile machela ilikuwepo, wabebaji walikuwepo, pikipiki ya kukodi ilipatikana. Kilichokosekana ni sababu ya kwenda hospitali. Wazee walichagua fundi kwa akili timamu, kwa kutumia habari niliyowapa. Habari ilikuwa mbaya. Barabara ni ya serikali, habari ilikuwa yangu.

Tena eneo letu lina deni la pekee hapa. Mnamo miaka ya 1970 Kasongo ilikuwa mahali ambapo madaktari wa Congo na wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerpen walijaribu namna ya kupeleka huduma karibu na watu, vituo vidogo vikishirikiana na hospitali moja ya rufaa. Ripoti yao kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo ilitoka katika The Lancet mwaka 1981 na ikajadiliwa duniani. Mfumo ule wote unategemea karatasi inayotoka kituoni kwenda hospitali. Karatasi hiyo inasafiri mikononi mwa familia, na familia ndiyo inayoamua kama itafika. Kuiandika kwa lugha ambayo mbebaji haielewi ni sawa na kumpa mtu barua bila kumwambia ni ya dharura.

Fundi wa mifupa si adui

Nisieleweke kwamba nawashambulia mafundi wetu. Yule wa kijiji cha pili aliunga kifundo cha binti vizuri, na watu wanamwamini kwa sababu anaongea nao. Anasema "hapa", anagusa, anaeleza. Katika hilo anatuzidi.

Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 madaktari wa jeshi la Uingereza waliandika kwamba vifo vya waliovunjika mfupa wa paja vilishuka kutoka takriban asilimia 80 hadi chini ya asilimia 20, hasa baada ya kuanza kutumia gango la chuma linalovuta mguu na kuunyoosha tangu mstari wa mbele. Gango hilo lilibuniwa na Hugh Owen Thomas wa Liverpool, na lilisambazwa na Robert Jones, mpwa wa mke wake. Thomas alikuwa daktari, lakini baba yake alikuwa fundi wa mifupa, wa ukoo wa mafundi wa kisiwa cha Anglesey huko Wales. Ujuzi wa ukoo na elimu ya chuo vilikutana ndani ya mtu mmoja, na vilikutana kwa sababu viliongea lugha moja. Fundi wetu angejua kwamba kilichovunjika ni mfupa wa paja na kwamba damu inamwagika ndani, nina imani angesema mwenyewe, "huyu si wangu, mpelekeni". Aliambiwa "muguu", akafanya kazi ya muguu: akakanda kwa maji ya moto.

Kuna mfano mwingine wa karibu zaidi na udongo wetu. Mwaka 1870 Livingstone alikwama Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, kwa siku zipatazo 80, kwa sababu ya vidonda vya miguu. Alipofariki mwaka 1873, Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili hadi pwani. Ulipofika London mwaka 1874, uso haukutambulika tena. Daktari Fergusson aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, sehemu ya juu kati ya bega na kiwiko, uliovunjwa na simba mwaka 1844 na haukuungana. Kumbukumbu ingekuwa imesema tu "aliumia mkono", ingesaidia kidogo sana. Ilitaja mfupa na mahali pake. Jina kamili la mfupa lilimrudishia mtu jina lake.

Ninachopendekeza

Siombi taasisi mpya wala bajeti. Naomba mambo manne ambayo idara yetu ya lugha za Kiafrika inaweza kuanza muhula ujao.

Kwanza, wanafunzi wanaotoka Maniema tukusanye maneno ya mwili, 60 tu kwa kuanzia, Kasongo na Kabambare. Tuulize kwa kidole, si kwa tafsiri: tuguse, tuulize "hapa panaitwaje?" Tuwaulize wanawake na wanaume mbali mbali, vijana na wazee, kwa sababu ya adabu niliyoitaja.

Pili, orodha iwe na safu za Kiswahili cha kwetu, Kiswahili sanifu, Kizimba, Kibangubangu na Kifaransa. Kifaransa kibaki. Daktari wa hospitali anakihitaji, na sina ugomvi nacho.

Tatu, tusiandike maneno peke yake, tuandike sentensi. Mgonjwa haokolewi na istilahi bali na maelezo. Siku ile nilihitaji sentensi nne tu, na hakuna hata moja yenye neno gumu: "Baba, ni mfupa mkubwa wa paja, ule ulio kati ya nyonga na goti. Damu inaweza kumwagika ndani bila kuonekana. Msimkande. Tumfunge kwa mti mrefu, alale, twende Kasongo leo." Na kama paja linaleta haya, tujifunze namna ya kulitaja kwa heshima, kwa mfano kwa kusema "muguu wa juu, kuanzia goti kwenda kiunoni", huku tukionyesha juu ya nguo. Tasfida si adui wa usahihi mradi mpaka umetajwa.

Nne, mazoezi ya tafsiri katika kozi zetu yasiishie kwenye hotuba na mashairi. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya kwanza, inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na inaitaka dola izikuze. Kabambare, kukuza lugha kunaweza kuanza na karatasi ya rufaa yenye mistari miwili chini ya Kifaransa, kwa Kiswahili ambacho mbebaji wake anaweza kusomewa na mtoto wa darasa la nne.

Ndugu yangu sasa anauza mafuta ya mawese kando ya barabara ile ile. Nilipomtembelea alinionyesha kovu la upasuaji, akaniambia kwamba hospitalini alijifunza jina la mfupa wake, "femuri", na akacheka kwamba yeye asiye na shule analijua neno la madaktari na mimi msomi nilisema "muguu". Nilicheka naye. Kisha nikatoa daftari, nikamwomba aguse na kutaja, kuanzia nyonga hadi kisigino. Tulipata maneno 14. Yamebaki 46, na nahitaji wenzangu, hasa wanaozungumza Kizimba na Kibangubangu nyumbani.